Kanzu Moja, Rangi Tatu

Picha ya kwanza niliyopiga jioni ile niliifuta baadaye, lakini nakumbuka vizuri ilivyokuwa. Bwana harusi amesimama katikati ya sebule, kanzu yake imefuliwa na kupigwa pasi hadi imenyooka. Bega la kulia ni la bluu. Juu ya kifua, kijani kama maji ya mnavu. Mkono wa kushoto, manjano. Nguo moja, mtu mmoja, mbonyezo mmoja wa kidole kwenye kitufe, na kamera imeandika rangi tatu.

Ilikuwa nyumba ya Asiatique, mtaa wa Bujumbura ulio kati ya maduka na ziwa. Jina la mtaa limebaki kutoka zama za Wabelgiji, walipoigawa Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Waafrika kwao Buyenzi na Bwiza, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu hapa. Nyumba nyingi za zamani za mtaa huu zilijengwa kwa biashara kwanza, makazi baadaye: duka au ghala mbele, familia nyuma, dirisha moja kubwa na ukumbi mrefu usiopata jua. Anayepiga picha ndani ya nyumba kama hizi hukutana na taa za vizazi vitatu zikiwaka pamoja. Balbu ya waya iliyobaki tangu enzi za babu, tyubu ndefu ambayo wenyeji wanaiita neoni kwa Kifaransa chao, na taa za LED zilizonunuliwa juzi sokoni. Mwangaza wa ziwani unaingia dirishani na kuongezea wa nne.

Niliitwa kwa sababu upande wa akina mama hawakutaka mpiga picha mwanamume. Nikaha ilifungwa baada ya alasiri, na familia ikaomba picha moja ya maana kabla ya magharibi: bwana harusi akishaingia kumpa mkono mkewe, wasimame wote wawili, na bibi mzaa mama wa bibi harusi aketi katikati yao. Ninaeleza hapa namna picha ile ilivyopatikana, maana tatizo lake ndilo linaloharibu nusu ya picha za harusi ninazoletewa kurekebisha.

Kazi yenyewe naiita urari wa weupe. Neno urari tumelizoea kwa washairi, wanaposema urari wa vina na mizani, na hapa linafaa vilevile. Sensa ya kamera haijui rangi. Kila chembe yake inahesabu mwanga uliopita kwenye kichujio kidogo: chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio huo, wenye vichujio vya kijani mara mbili ya kila kimoja cha vingine, ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ilitolewa 1976. Ili kitu cheupe kionekane cheupe, hesabu za wekundu na za bluu huzidishwa kwa namba fulani mpaka zilingane na za kijani. Kwenye kivuli cha mchana wekundu ndio unaoongezwa zaidi. Chini ya balbu ya waya ni bluu, na kwa kuwa bluu iliyopatikana ni kidogo, kuizidisha huzidisha na chenga zake. Ndiyo maana picha za usiku huwa na vumbi la bluu kwenye nywele na nguo nyeusi. Johannes von Kries, mwanafiziolojia wa Kijerumani, alieleza mwaka 1902 kwamba jicho nalo linafanya jambo la namna hii: kila aina ya chembe zake hupandisha au kushusha usikivu wake peke yake kulingana na mwanga uliopo. Kamera zetu bado zinatembea katika njia ile.

Lakini angalia sharti lililojificha hapo. Namba za kuzidishia ni seti moja kwa picha nzima. Ukiziweka za dirishani, mkono wa kushoto wa kanzu unakuwa chungwa. Ukiziweka za balbu, bega la kulia linakuwa bluu ya wino. Hakuna namba ya katikati inayoponya pande zote. Namba ya katikati inazifanya pande zote mbili kuwa mbaya kwa kiasi sawa, na hiyo ndiyo hasa iliyochaguliwa na mfumo wa otomatiki katika picha yangu ya kwanza.

Otomatiki ilikosea na jambo jingine, katika picha iliyofuata. Njia ya kale ya kukisia rangi ya mwanga ni kudhani kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Kamera za leo zina akili zaidi ya hapo, ila dhana hiyo haijazitoka kabisa. Sebule ile ilipakwa kijani cha pistachio, kuta zote nne, na kamera ikadhani ule ukijani ni wa taa, ikaongeza majenta kuufuta. Kuta zikawa za kijivu. Nyuso za watu zikawa na weusi wenye zambarau, kama waliovilia damu. Aliyepiga picha ndani ya misikiti yenye mazulia ya kijani anaujua ugonjwa huu.

Nikasimama nikazihesabu taa. Hili ndilo jambo ninalowafundisha wanaoanza kabla hata ya kushika kamera: zunguka chumbani na mkono wako mtupu ukiwa mbele, uugeuze kiganja, utazame kila upande unapata mwanga gani na kutoka wapi.

Dirisha lilitazama magharibi, upande wa ziwa na milima ya Uvira ng'ambo ya Kongo. Ghala la jirani lilikuwa limeziba jua lenyewe, kwa hiyo kilichoingia kilikuwa mwanga wa anga tupu, wa kibluu, kama kelvini 8,000. Darini palikuwa na tyubu mbili. Ukumbini, upande wa kushoto, balbu ya joto ya kelvini 2,700 ilikuwa inamwaga manjano kupitia mlangoni.

Hapa ni lazima niseme kidogo kuhusu kelvini, kwa sababu namba hizi hudanganya. Mtu husikia tofauti ya 500 akadhani ni tofauti ileile popote. Sivyo. Jicho na sensa hufuata zaidi kinyume cha kelvini: gawa milioni moja kwa kelvini za taa, utapata kipimo kinachoitwa miredi. Kutoka 2,700 hadi 3,200 ni miredi 58, mabadiliko ambayo mtoto atayaona. Kutoka 6,000 hadi 6,500 ni miredi 13 tu, na wengi hawataona kitu. Dirisha langu lilikuwa miredi 125, balbu ya ukumbini 370. Kati yao pana pengo la miredi 245, na hakuna programu duniani itakayoliziba pengo hilo juu ya shavu moja la mtu bila kuacha kovu.

Tyubu ni shida ya aina yake, maana haimo kabisa kwenye mstari wa kelvini. Ndani yake kuna mvuke wa zebaki, na zebaki ina mwale mkali wa kijani kwenye nanomita 546 ambao jicho huuzoea na sensa haiuzoei. Kwa sababu hiyo kamera ina vidhibiti viwili, kimoja cha kelvini kutoka bluu hadi manjano, na kingine cha kutoka kijani hadi majenta. Wengi hukigusa cha kwanza tu na kushangaa kwa nini ngozi bado ina uchachu. Tena tyubu za zamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na rangi yake hubadilika ndani ya kila mpepeso. Ukiweka shata 1/500, picha tatu mfululizo zitatoka na rangi tatu. Ukilazimika kutumia tyubu, teremka hadi 1/100 au 1/50 ili kila picha ikusanye mpepeso mzima. Na nyumba ikiwa inaendeshwa kwa jenereta dogo usizitegemee sana hata namba hizo, kwa kuwa injini inayoyumba huyumbisha na hezi zake.

Uamuzi wangu ulikuwa huu: dirisha ndilo mfalme. Taa nyingine ima zimfuate ama zizimwe.

Kuzima ndiko kugumu kuliko vyote, na si kwa sababu ya ufundi. Nilimwinamia bibi aliyekuwa ameshakaa kitini.

“Bibi, naomba tuzime hizi taa za juu kidogo.”

“Tuzime taa, mwanangu? Siku ya harusi?”

Alikuwa na haki ya kushangaa. Nyumba yenye harusi huwashwa taa zote, na giza humwambia mgeni kwamba kuna jambo limeharibika. Nikamwambia ni kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na kwamba nataka hina ya mjukuu wake ionekane rangi ilivyo. Akatazama mikono ya binti, kisha akamwita mtoto mmoja wa kiume: “Zima, baba, zima.” Hina ndiyo iliyonipa ruhusa. Tangu siku ile siombi tena kuzimiwa taa kwa kutaja kamera. Nataja nguo, au hina, au uso wa mama mtu.

Tyubu zikazimwa. Ile balbu ya ukumbini sikutaka kuizima, maana bila hiyo upande wa kushoto ungekuwa shimo. Niliibadilisha. Katika begi langu hutembea na balbu nne za LED za kelvini 6,500, mbili za skrubu na mbili za kubana, kwa sababu nyumba za hapa zina soketi za aina zote mbili. Hazifiki hata uzito wa lenzi moja, na zimeniokoa mara nyingi kuliko lenzi yoyote. Miredi 154 ya balbu ile dhidi ya 125 ya dirisha: pengo limeshuka kutoka 245 hadi 29.

Pakabaki ukuta. Watu husahau kwamba ukuta uliopakwa rangi nao ni taa. Mwanga wa dirisha ulikuwa unagonga kijani kile na kurudi kwenye shavu la bwana harusi ukiwa umeshabadilika. Nikaomba shuka jeupe. Wasichana wawili wakalishika nje ya fremu, upande wa kushoto, nami nikaielekeza flashi kwenye shuka badala ya kwenye watu. Flashi ina kelvini kama 5,500, miredi 182, na nikaifunika kwa kipande cha plastiki angavu ya bluu hafifu, iitwayo jeli, ile ya robo, inayopunguza miredi 35. Ikawa 147. Dirisha 125, flashi 147, balbu 154. Sasa zote tatu zinasema lugha moja, kila moja na lafudhi yake.

Kama tyubu zingekuwa haziwezi kuzimwa, tuseme msikitini au katika ukumbi wa hoteli, ningegeuza hesabu: jeli ya kijani kwenye flashi ili flashi nayo iwe mbaya kama tyubu, kisha majenta kwa picha nzima. Taa zikikosea kwa pamoja zinasahihishika kwa pamoja. Mwanafunzi anayesikia hili mara ya kwanza huona kama wazimu, mpaka ajaribu.

Kisha kadi ya kijivu. Napenda kwamba Kiswahili kiliitoa rangi hii jikoni, kwenye majivu, kwa sababu kadi nzuri ni kama majivu yaliyochekechwa: haina upande wowote, si ya moto wala ya baridi. Niliiweka mbele ya uso wa bibi harusi, imeinama nusu kuelekea dirishani na nusu kuelekea kwangu, nikapiga, nikaiambia kamera kwamba hii ndiyo rangi isiyo na upande wowote. Ikasoma 6,900.

Msaidizi wangu aliuliza kwa nini nisitumie kanzu. Ni nyeupe, ipo, inajaza fremu. Hili ni kosa ambalo nimelifanya miaka mingi na ningependa wengine wasilifanye. Kanzu si nyeupe. Sabuni za unga za siku hizi zina ving'arishi, kemikali zinazonyonya mionzi isiyoonekana ya jua na kuirudisha kama bluu inayoonekana. Mama zetu walifanya karibu hivyo kwa buluu ya kufulia, ingawa ile ilipaka rangi tu, haikuwaka. Kanzu iliyofuliwa kwa sabuni hizo inawaka bluu karibu na dirisha, inawaka zaidi kwa flashi isiyo na kinga, na haiwaki kabisa chini ya LED kwa sababu LED haina mionzi ile. Ukimchukua bwana harusi kama kipimo cha weupe, kamera itaiondoa bluu ya sabuni, na wote waliosimama naye watageuka manjano. Hata sasa, taa zikiwa zimepatana, bega lake la kulia lilibaki na ubluu kidogo. Huo niliuacha. Ndio rangi ya kanzu yenyewe mbele ya dirisha, na jicho la aliyekuwepo liliuona hivyo.

Hina ilinitia wasiwasi kuliko kanzu. LED nyeupe kwa asili ni LED ya bluu, kama nanomita 450, iliyofunikwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu kuwa manjano. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2014 kwa kuifikia bluu hiyo. Taa za bei nafuu hupungukiwa na wekundu wa ndani kabisa. Na wekundu huo ndio unaoipa hina moto wake, ndio pia unaoipa ngozi nyeusi uhai. Ngozi ikikosa wekundu chini ya taa hizo hukauka, ikawa kama imepakwa majivu, na wapiga picha wengi huanza kusukuma kidhibiti cha majenta wakidhani ni tatizo la urari. Siyo. Urari huzidisha kilichopo. Kilichokuwa sifuri ukikizidisha mara mia kinabaki sifuri. Kwa hiyo nilimgeuza bibi harusi, viganja na nyuma za mikono zikaelekea dirishani, na LED ikabaki na kazi ya kujaza kivuli tu.

Nina uchungu kidogo katika jambo hili la ngozi. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizobeba sura ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa usahihi. Simu na kamera za kidijitali zilipokuja zilirithi mazoea yaleyale. Google walipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza kazi maalumu ya kuzisoma ngozi nyeusi vizuri, na ni jambo la heri, lakini limechelewa sana. Mabwana wa studio kama Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, walifanya kazi kwa nyeusi na nyeupe, nao walihangaika na mwanga bila kuhangaika na rangi yake. Sisi tumeachiwa yote mawili. Ndiyo maana sikubali kwamba uso wa bibi mwenye miaka themanini na kitu uamuliwe na otomatiki.

Tulikuwa na dakika chache. Hapa karibu na ikweta magharibi haingoji. Jua likishazama, giza huingia kwa muda usiozidi nusu saa, na wakati huohuo mwanga wa anga hupanda kelvini kwa kasi. Kadi niliyoisoma saa kumi na moja unusu ni uongo ifikapo saa kumi na mbili. Niliisoma mara tatu ndani ya dakika ishirini: 6,900, kisha 7,400, kisha karibu 8,600. Picha iliyochaguliwa ni ya usomaji wa pili. Ile ya mwisho ilikuwa na nyuso nzuri zaidi, lakini dirisha lilikuwa limeshakimbia, na LED ikaanza kuonekana ya manjano kando yake ingawa haikubadilika hata chembe.

Nilipiga faili ghafi, bila shaka, kwa sababu ndani yake namba za kuzidishia hazijaokwa, zimeandikwa pembeni tu, na unaweza kuzibadilisha nyumbani bila hasara. Ila nyumbani kazi ilikuwa ndogo. Urari wa kadi kwa picha nzima. Kisha nikaliongezea joto kidogo, kwa brashi, eneo la mlango wa ukumbi peke yake, ili ukumbi uonekane na watu ndani yake na si kama chumba cha hospitali. Ukuta nikauachia kijani chake cha pistachio, ambacho kadi ilikuwa imekitunza vizuri. Dakika kumi. Picha ile ya kwanza, ya rangi tatu, nilijaribu kuiokoa kwa udadisi siku ya pili, nikachora mipaka ya kila mwanga juu ya kanzu, nikaishughulikia karibu saa mbili. Mikunjo ya nguo ilinishinda. Katika kila mkunjo bluu na manjano zilikuwa zimeingiliana, na popote nilipochora mpaka pakatokea ukingo mchafu. Ndipo nikaifuta.

Picha iliyochapishwa nilimpelekea bibi mwenyewe baada ya wiki mbili. Alikuwa sebuleni palepale, chini ya tyubu zilezile, zote zinawaka. Akaishika, akaisogeza mbali na macho, na mimi nikaona uso wake ndani ya picha umegeuka ukijani kwa ajili ya taa ile. Sikusema kitu. Bibi akainuka taratibu, akaenda nayo hadi kizingitini, akaigeuzia uani kwenye mwanga wa mchana, akaweka kidole juu ya mikono ya mjukuu wake.

“Hii ndiyo hina niliyoisaga mimi,” akasema.